Barua kwa Bi. Mhariri: Mswada ni wa nani?

Ndugu wasomaji, barua za mwezi huu karibu zote zimehusu kalamu ya mhariri: wapi ikate, wapi inyamaze, na neno la mwisho ni la nani. Niliingia kazi hii kama msoma prufu kwa mpiga chapa mmoja hapa Dar es Salaam, enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono, na imani yangu haijabadilika tangu hapo. Mswada ni wa mwandishi, mwanzo hadi mwisho. Mhariri akishamaliza kazi yake, sentensi iwe ya mwandishi kuliko ilivyokuwa alipoileta. Majibu yote yaliyo hapa chini yametoka kwenye imani hiyo.

Shikamoo Bi. Mhariri. Nilileta kwenu hadithi fupi, ikarudi imejaa mistari myekundu. Kila nilipoandika "ambaye" au "ambayo" pamekatwa. Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha kwamba hicho ndicho Kiswahili fasaha. Kosa langu ni nini? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na sarufi yako ni safi. Tatizo liko kwenye sikio. Umeniruhusu ninukuu aya moja ili wenzako nao waione:

"Zawadi aliamka mapema. Alikwenda jikoni. Alichukua sufuria ambayo ilikuwa imewekwa mezani na mama yake. Alimwaga maji ambayo yalikuwa yamebaki. Alianza kupika uji ambao ulikuwa ni wa mtoto ambaye alikuwa anaumwa. Mtoto alikuwa kimya."

Sasa isome kwa sauti, tena kwa sauti ya mtu anayesimulia barazani, si ya msomaji wa taarifa ya habari. Umesikia inavyokwama? Kila "ali-" inamsimamisha Zawadi na kumwanzisha upya. Kila "ambayo" inamtoa msomaji jikoni, inamweka pembeni ili aelezwe jambo, halafu inamrudisha. Na mtoto mgonjwa, ambaye ndiye roho ya hadithi yako, amesukumwa mwisho kabisa, nyuma ya "ambao" na "ambaye". Mhariri wetu alipendekeza hivi:

"Zawadi aliamka mapema, akaenda jikoni. Sufuria akaikuta mezani, mama aliiacha hapo usiku. Akamwaga maji yaliyobaki, akabandika uji wa mgonjwa. Mtoto alikuwa kimya."

Ukiacha huo usiku, hakuna kilichoongezwa. "Ali-" ya kwanza imetuingiza katika wakati uliopita. Baada ya hapo "-ka-" inabeba mwendo. Ndivyo mtu anavyokueleza ajali aliyoiona Msamvu: dereva alipiga breki, basi likayumba, likapanda tuta, likaenda kusimama kwenye kibanda cha chipsi. Hakuna anayesema "lilipanda", "lilisimama". Halafu tazama sentensi ya mwisho, ambayo mhariri hakuigusa. Baada ya "akaenda", "akamwaga", "akabandika", msomaji anapofika kwenye "alikuwa kimya" anasimama, kwa sababu mwendo umekatika ghafla. Katika rasimu yako sentensi hiyohiyo ilipita bila kusikika, kwa kuwa kabla yake zilitangulia nyingine tano zenye mlio uleule. Hiyo sentensi umeiandika wewe, na ni nzuri sana. Mhariri alichofanya ni kuondoa kelele zilizoizunguka.

"Ambaye" nayo ina mahali pake ambapo hakuna wa kuipokea kazi. Twasema "aliyekula", "anayekula", "atakayekula", "asiyekula". Ukifika kwenye "ambaye amekula" au "ambaye hajala", huna namna ya kuikwepa. Pia sentensi inapokuwa ndefu, na jina liko mbali na kitenzi, "ambaye" humsaidia msomaji ajue nani anazungumziwa. Itumie hapo bila woga. Kwingineko, jaribu kwanza bila hiyo.

Ombi moja. Mistari hiyo myekundu usiikubali yote kwa heshima tu. Pale unapoona mhariri amekutoa kwenye sauti yako, andika pembeni "naomba ibaki" na utoe sababu. Hadithi yako tunaisubiri irudi.

Bi. Mhariri, hadithi yangu yatokea Kibokoni, hapa Mombasa. Bibi kizee amwita mjukuu wake: "Ndoo hapa, mwanangu, n'kwambie." Mhariri wa kampuni moja amenigeuzia: "Njoo hapa, mwanangu, nikuambie." Asema asomaye Kigoma hataelewa. Nifanyeje? — Mwandishi, Mombasa

Ndugu yangu, barua yako imeniuma. Huyo bibi kizee nimemsikia katika sentensi yako, na katika sentensi ya mhariri sikumsikia tena.

Tuelewe kwanza desturi hii ya kusawazisha ilikotoka. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kupata tahajia moja na Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule, na Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi. Siibezi kazi hiyo. Ndiyo iliyowezesha kitabu kimoja kusomwa Tanga na Kisumu bila taabu. Lakini kitabu cha jiografia ni jambo moja, na kinywa cha bibi kizee wa Kibokoni ni jambo jingine. Mhariri anayevipitisha vyote viwili kwenye chujio moja anaikosea fasihi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa kwenu hukohuko. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Mashairi aliyoyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yalitoka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Shairi moja linaitwa "N'shishiyelo ni lilo". Hebu shika kalamu ya kusawazisha uandike "Nililoshika ni hilo". Hesabu mizani: nane kwa nane, hakuna iliyopungua. Mhariri asiye makini angesema hapo hakuna hasara. Lakini "nililoshika" ni tendo la zamani. Nililishika siku fulani, na pengine leo nimeshaliacha. "N'shishiyelo" ni nililolishika na ambalo hadi sasa, ninaposema nawe, liko mkononi. Shairi ni la mtu aliye kifungoni anayekataa kuachia anachokiamini. Ukiondoa kitenzi hicho cha Kimvita, lahaja ya Mombasa, umemlegeza vidole. Nashukuru kwamba halikusawazishwa.

Sasa tuje kwa msomaji wa Kigoma, maana hoja ya mhariri wako haikosi uzito. "Ndoo" kwake ni chombo cha kuchotea maji. Akisoma "Ndoo hapa, mwanangu" anaweza kudhani bibi anaonyesha ndoo ilipo. Tiba yake iko katika sentensi inayofuata. Mfanye mtoto aache kuchezea maganda ya karanga, asogee, akae kwenye mkeka karibu na magoti ya bibi. Msomaji wa Kigoma atakuwa ameelewa kabla hajajua kwamba kulikuwa na cha kuelewa. Na "mato", "ndia" na mengine yatakayofuata atayapokea kwa njia hiyohiyo. Ukiona yamekuwa mengi mno, weka sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, mwishoni mwa kitabu kama diwani nyingi zinavyofanya. Nakusihi tu usiweke maelezo katikati ya mazungumzo. Hapo bibi anageuka mwalimu wa darasa.

Jambo la pili, uamue mapema nani anazungumza Kimvita na nani hazungumzi. Bibi, ndiyo. Mjukuu aliyesomea Nairobi, pengine anachanganya. Msimulizi wako je? Mswada wako unamwonyesha akisema "macho" ukurasa wa kwanza na "mato" ukurasa wa sita, bila sababu ninayoiona. Hapo mhariri ana haki ya kuuliza. Chukua karatasi moja, andika jina la kila mhusika na namna anavyosema: "njoo" au "ndoo", "nitakwambia" au "n'takwambia". Karatasi hiyo mpe mhariri pamoja na mswada. Mhariri akishaona kuwa umekusudia, mara nyingi kalamu hupumzika yenyewe. Na asipopumzika, kataa. Mwambie Bi. Mhariri wa Dar es Salaam naye amekataa.

Shikamoo Mama. Mimi ni mhariri mwanagenzi, nina miaka 25. Nimepewa mswada wa mzee ambaye vitabu vyake nilivisoma nikiwa shule. Sura ya tatu haina kazi kabisa, yafaa itoke. Namwambiaje mzee kama huyo? — Mhariri mchanga, Nairobi

Marahaba, binti yangu. Umeuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha uhariri nilichowahi kushika, kwa sababu vingi vimeandikwa mahali ambapo mtu wa miaka 25 anaweza kumwita mzee wa miaka 70 kwa jina lake na kazi ikaendelea.

Usimwandikie. Barua pepe yenye maneno "sura ya tatu iondolewe" itamfikia kama matusi hata ukiipamba vipi. Mpigie simu. Mwamkie, muulize hali ya nyumbani, msikilize akijibu, umweleze ulichokipenda, na ukitaje hasa. "Mzee, kazi yako nzuri" hakumwambii kitu. Hayo huambiwa kila siku. Mwambie, "Mzee, pale mwanamke anapokunja kanga ya marehemu dada yake nilishindwa kuendelea kusoma." Hapo amejua kwamba umesoma, na kwamba unayezungumza naye ni msomaji kabla ya kuwa mfanyakazi wa ofisi.

Kisha uliza. Usitoe hukumu, uliza swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. "Mzee, nilipofika sura ya tatu nilipotea kidogo. Ulitaka nimfuate nani hapo?" Kuna wakati atakujibu, na jibu lake litakuonyesha kwamba sura ina kazi ambayo wewe hukuiona. Kubali, maana na hilo hutokea. Na kuna wakati atanyamaza. Ukimya huo usiujaze kwa maneno.

Miaka mingi iliyopita nilihariri mswada wa mzee mmoja wa Tanga, simtaji. Riwaya ya mashamba ya mkonge, nzuri mno, ila katikati kulikuwa na sura ndefu ya hotuba juu ya maadili ya vijana. Nilisafiri hadi kwake. Nikamwambia, "Baba, naomba unisomee kidogo, nataka nisikie mwenyewe unavyoisoma." Tulikaa barazani baada ya alasiri, wajukuu wawili wamekaa ngazini. Alianza sura ya wakataji mkonge, wale watoto wakanyamaza. Akaendelea mpaka ile hotuba. Ukurasa wa kwanza watoto walivumilia. Wa pili mmoja akaondoka kwenda kucheza, mwenzake akamfuata. Mzee akainua macho akawatazama wakienda. Akachukua penseli iliyokuwa sikioni, akapiga mstari ukurasa mzima, akafungua unaofuata, akapiga mwingine. Mimi sikusema neno.

Lakini hapohapo kulikuwa na jambo ambalo nililisema wazi, kwa kuwa lilikuwa la ukweli, na ukweli haubadiliki kwa umri wa mtu. Mhusika wake alipanda treni Tanga mwaka 1921 akashuka Arusha. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Arusha ilifika 1929. Nilimwambia hivyohivyo, pamoja na kumwonyesha kitabu nilikosoma. Akacheka, akasema basi huyu kijana ashuke Moshi atembee. Na safari ile ya miguu, Kilimanjaro iko nyuma yake na viatu amevitundika begani, ikawa miongoni mwa kurasa bora za kitabu.

Kwa hiyo, binti yangu, yaliyo ya ladha yaulize, yaliyo ya ukweli yaseme. Na katika yote mawili, mzee abaki mwenye penseli.

Bi. Mhariri, shairi langu lina vina na mizani timamu, beti saba, kibwagizo kipo. Mmelikataa. Wakati huohuo mmechapa shairi lisilo na kina hata kimoja. Haki iko wapi? — Mshairi, Tanga

Ndugu mshairi, jarida hili lina nafasi kwa wote wawili. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hadi leo kitabu hicho kiko juu ya meza yangu. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata, wakagombana watu kweli kweli, na mashairi yale yangali hai. Ugomvi huo mimi siuingii.

Shairi lako lilirudi kwa sababu nyingine. Katika beti saba umetumia "jama", "kweli" na "wandani" mara kwa mara, na kila mara neno hilo limekaa mwisho wa kipande, mahali ambapo mizani ilikuwa imepungua. Toa neno hilo, maana ya mstari haipungui hata chembe. Inkisari na mazida, yaani kufupisha na kurefusha neno, ni ruhusa tulizorithi, na mshairi mzuri huzitumia ili neno zito lipate pa kukaa. Wewe umeleta maneno ya kujazia nafasi tupu. Ubeti wa nne, ule wa mvuvi na nyavu, hauna neno hata moja la kujazia. Andika sita nyingine za namna hiyo, nami nitasimama mbele ya wenzangu kulitetea.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilichapa riwaya yangu kwa fedha zangu mwenyewe. Leo nikiisoma naona mengi ya kurekebisha. Wenzangu wanasema kitabu kilichotoka kimetoka. Ni kweli? — Mwalimu, Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Si kweli.

Mwalimu Nyerere alifasiri mchezo wa Shakespeare ukatoka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1962 alikuwa ameshakuwa Rais, mwenye nchi changa ya kuendesha, na kazi ilikuwa imeshachapwa na kusomwa. Bado akaketi tena akaipitia. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri iliyosahihishwa, na hata jina likabadilika: Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka pia tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Mimi huwaonyesha waandishi vijana matoleo hayo mawili ya Kaizari wanaponiambia wamechoka kurudia rasimu.

Kwa hiyo rudia, Mwalimu, bila aibu yoyote. Fahamu tu tofauti iliyopo. Ukichapa kitabu kilekile bila kubadilisha kitu, au kwa kusahihisha herufi tu, hiyo ni chapa ya pili na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inabaki. Ukibadilisha sura au kuongeza kurasa, hilo ni toleo la pili, linahitaji ISBN yake. Kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwenye ukurasa wa hakimiliki andika mwaka wa toleo la kwanza na wa hili. Msomaji ana haki ya kujua anashika lipi.

Moja tu la tahadhari. Unarekebisha kitabu kilichoandikwa na kijana, nawe sasa ni mtu mzima. Yale yanayokuudhi kwa sababu ni mabovu, yatoe. Yale yanayokuudhi kwa sababu ni ya ujana, yafikirie mara mbili.

Shikamoo Bibi. Bibi yangu wa Kilwa anasimulia hadithi za zamani, nimemrekodi kwenye simu. Nikiziandika zinapoa, hazina ladha yake. Nianzie wapi? — Mjukuu, Dar es Salaam

Marahaba, mjukuu wangu. Umeshaanza, na umeanza vizuri. Watu wengi hukumbuka kurekodi baada ya mazishi.

Kwanza andika kila kitu kama kilivyo kwenye simu, bila kusahihisha hata herufi. Aliposema "akaenda, akaenda, akaendaaa", andika hivyohivyo. Alipoimba, andika wimbo wote, hata maneno usiyoyaelewa, na umuulize mwenyewe maana yake maadamu yupo. Alipopiga kofi kuonyesha mlango ulivyofungwa, andika kwamba amepiga kofi. Nakala hiyo weka kando, usiiguse tena. Hiyo ni mali ya ukoo.

Ndipo ufungue daftari lingine uanze kuandika ya kusomwa. Najua kwa nini zinapoa. Bibi akisimulia, nusu ya hadithi iko usoni na mikononi. Akisema "fisi akaja", shingo imeshainama na sauti imekwaruza. Wewe kwenye karatasi umebaki na maneno mawili. Kwa hiyo itakubidi umpe fisi kwa maneno kile ambacho bibi alimpa kwa shingo. Hapo lugha yetu ni tajiri kweli, itumie: kitu hakianguki tu, kinaanguka pu, au tifu, au chubwi kama ni majini. Giza si giza tu, ni giza totoro. Usikubali mtu akwambie hayo ni ya watoto.

Yale marudio matatu yasiguswe na mhariri yeyote. Mhariri asiyejua simulizi atayakata akidhani ni upungufu wa maneno. Safari ya kwanza msikilizaji anaelewa, ya pili anatulia, ya tatu anasubiri kitu kibadilike. Ukikata moja, wakati wa kusubiri umetoweka.

Na hili nalisema kwa msisitizo: jina la bibi liwe juu ya jalada. Liandikwe kubwa, mbele, "Zimesimuliwa na", na lako lifuate. Nimeona vitabu vingi vya ngano ambavyo msimulizi hakutajwa popote, ila "zimekusanywa na" fulani. Kama kuna fedha itakayopatikana, naye apate, na mkataba umtaje.

Mwisho, jaribu kumrekodi tena, safari hii pasiwe na simu peke yake mbele yake. Kusanya watoto wa jirani. Anayeitikiwa "pakawa" husimulia tofauti kabisa na anayezungumza na mashine.

Bi. Mhariri, mchapishaji amekubali riwaya yangu. Mkataba unasema nitalipwa mara moja na haki zote zitakuwa zake. Nimefurahi, lakini rafiki yangu anasema nisisaini. Ushauri wako? — Mwandishi, Mbeya

Hongera sana, na rafiki huyo mshike vizuri.

Usiharakishe. Malipo ya mara moja hayawezi kuitwa wizi, wapo wanaoyachagua kwa sababu zao, lakini "haki zote" ni maneno mazito. Yana tafsiri ndani yake, yana filamu, yana kitabu cha kusikiliza, yana kitabu cha shule. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilitoka 1999; filamu yake ilitoka 2021. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka Uingereza 1994. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri ikatufikia kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ilikuwa 2022. Zaidi ya miaka ishirini katika kila mfano. Wewe leo unatazama hundi moja, na kitabu kinaweza kupata wapenzi wapya wakati wanao wameshaoa.

Muombe mchapishaji mrabaha, yaani asilimia ya kila nakala inayouzwa, badala ya malipo ya mara moja, na umuulize asilimia inahesabiwa kwenye bei ya jalada au kwenye kile kinachobaki baada ya punguzo la wauza vitabu, kwa kuwa asilimia kumi ya hiki si sawa na asilimia kumi ya kile. Uliza hesabu utaletewa mara ngapi kwa mwaka. Uliza kitabu kikiisha sokoni wasipokichapa tena, haki zinakurudia baada ya muda gani. Na uombe kiandikwe kipengele kwamba hakuna badiliko litakaloingia kwenye maandishi bila wewe kuliona na kulikubali. Nimeona waandishi wakikutana na mwisho mpya wa riwaya yao kwenye kitabu kilichokwisha chapwa. Mchapishaji mwema hatakasirishwa na maswali haya. Kazi yenyewe isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na ndugu zetu wa Kenya wanaoniuliza jambo hilihili waende KECOBO, bodi ya hakimiliki ya kwao.

Kama hawatakubali mrabaha na wewe unaihitaji fedha sasa, basi uza haki ya kuchapa kwa Kiswahili peke yake, kwa miaka inayotajwa, na mengine yabaki kwako. Niletee nakala ya mkataba watakaokurudishia kabla hujauwekea sahihi. Kipengele cha filamu na kile cha mabadiliko ndivyo nitakavyovisoma kwanza.